Saa za Berlin na za Nairobi ziandikwe kwenye mkataba

Mhariri,

Kampuni za Ujerumani huajiri waandishi wa programu walioko Nairobi au Dar es Salaam kwa sababu saa zinakaribiana. Ni kweli, ila tofauti haikai pale pale: saa 1 majira ya joto, saa 2 majira ya baridi, kwani Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao cha saa 3 asubuhi Berlin kwetu huwa saa 4, kisha ghafla saa 5. Tunawasihi waajiri: mkataba utaje saa za mji mmoja tu, tena kwa tarakimu, 09:00, maana "saa tatu" humpoteza mgeni. Utaje pia nani analipia intaneti ya akiba na makato ya benki.

Wasomaji wenu, Nairobi