Desemba 9 ina matukio mawili

Mhariri,

Kila ifikapo Desemba 9, magazeti hujaa habari za Luteni Alexander Nyirenda na mwenge aliousimika Kilimanjaro mwaka 1961. Sina ugomvi na hilo. Ila tarehe hiyo hiyo mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa jamhuri, na tukio hilo hupewa mstari mmoja, likikumbukwa.

Si jambo dogo. Mwaka mzima baada ya uhuru, mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Nyerere aliapishwa kuwa Rais siku ile ya 1962. Bila kulijua hilo, mwanafunzi ataelewaje kwa nini 1961 tulikuwa na Waziri Mkuu tu? Naomba toleo lenu la Desemba 9 ijayo liitengee jamhuri ukurasa wake.

Msomaji wenu,
Dodoma