Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wetu wa Imola 200

Wanachama habarini, hesabu za ada atazisoma mweka hazina kwenye mkutano mkuu mi siingii huko, niseme tu wenye madeni wanajijua.

Kikubwa mwaka huu ni vile vikao vya historia, mkapiga kura tukachukua Imola 200, mbio za pikipiki za Italia. Kwa ambao hamkufika: mwandaaji wa mbio Checco Costa aliona mbio za Daytona 200 kule Marekani inavyojaza watu akataka na Ulaya iwe na yake, maili 200, pikipiki za injini ya sisi (cc) 750 zilizotokana na zile za dukani. Ikaanza 23 Aprili 1972. Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, yupo na pikipiki ya MV Agusta, watu wanajua yameisha hayo, kumbe Ducati wamekuja na mashine za mhandisi wao Fabio Taglioni, zile ambazo valvu haifungwi na springi, kuna mkono wa chuma unaivuta kuirudisha. Agostini pikipiki ikamfia njiani, Paul Smart akawa wa kwanza na Bruno Spaggiari wa pili, wote Ducati. Na Smart wala hakuitafuta hiyo kazi, Ducati walipiga simu kwake yeye yuko Marekani, mkewe Maggie ndo akamkubalia! Hapo kikao kilivunjika mbavu.

1973 akashinda Jarno Saarinen na Yamaha ya 350 tu katikati ya hizo 750, mwezi uliofuata akafa kwenye mbio za Monza pamoja na dereva mwenzake Renzo Pasolini. 1974 Agostini akashinda, ila sasa na yeye kahamia Yamaha.

Kwa maoni yangu mbio zilianza kufa hapohapo, maana ile TZ750 ya Yamaha iliyotawala baadaye haikuwa pikipiki ya dukani ya kwendea kazini, ilizaliwa ya mashindano, ukiwa na hela unanunua unaingia nayo, mwisho mstari mzima Yamaha tupu. Fomula 750 yenyewe, yaani daraja la mbio za hizi pikipiki za 750, ilipewa hadhi ya ubingwa wa dunia 1977 na 1979 ikazikwa, Imola ikajikongoja mpaka 1985. Kuna waliobisha kwamba ni Grand Prix za 500, mbio za ubingwa wa dunia za sisi 500, ndo zilikomba madereva, sawa, nalo lipo, ila mbona 1988 ulipoanza ubingwa wa dunia wa Superbike, wa pikipiki zilizotokana na za dukani, watu walijaa?

Mwakani kamati inapendekeza zile mbio za Pasaka za Uingereza na Marekani zilizoanza 1971, tutapiga kura siku ya mkutano. Projekta tunayo, ila anayeweza kuja na ekstensheni ndefu aniambie mapema.