Magni naye apewe nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya enzi za dhahabu za baiskeli Italia ilijaa Fausto Coppi na Gino Bartali tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sina ugomvi na hao. Ila kuipita miaka ile bila kumtaja mwendesha baiskeli mwenzao Fiorenzo Magni hata mara moja, hapo mmeteleza. Huyu alitwaa Giro d'Italia, mbio kubwa za siku nyingi za kuizunguka Italia, mara tatu: 1948, 1951 na 1955. Ronde van Vlaanderen ya Ubelgiji, mbio za barabara za mawe na upepo mkali, alizishinda mara tatu mfululizo, 1949 hadi 1951, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya.

Mimi niliwahi kuvunjika mtulinga kwa kuanguka na baiskeli. Hata kuvaa shati ilikuwa shughuli. Sasa mtazameni Magni kwenye Giro ya 1956, ana miaka 35, huo ndio msimu wake wa mwisho. Anaanguka, mtulinga wa kushoto unavunjika, daktari anamwambia aache. Anakataa. Mlimani mkono hauna nguvu ya kuvuta usukani, basi fundi wake, Faliero Masi, anakata kipande cha tyubu na kukifunga kwenye usukani. Ncha ya pili Magni anaiuma kwa meno, anavuta kwa shingo. Baadaye anaanguka tena, anavunjika mfupa wa juu wa mkono uleule. Anazirai, anapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Kuzinduka tu, anateremka na kudai baiskeli yake.

Halafu ukaja mlima wa Monte Bondone, Juni 8, theluji ikianguka na makumi ya waendeshaji wakijitoa, akiwemo Pasquale Fornara aliyekuwa akiongoza. Charly Gaul wa Luxembourg alishinda siku ile na Giro yenyewe. Wa pili katika Giro nzima, nyuma yake kwa dakika 3 na sekunde 27, alikuwa Magni.

Najua kwa nini jina lake hukwepwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa upande wa Mafashisti, na vita vilipokwisha alifikishwa mahakamani. Kwenye Giro ya 1948 watu walimzomea, na si kwa siasa peke yake: mashabiki walimsukuma kwenye mlima wa Pordoi, akaongezewa dakika mbili tu za adhabu, Coppi na wenzake wakasusa mbio. Akashinda kwa sekunde 11. Andikeni na hayo, wasomaji wenu ni watu wazima.

Na mkifika Tour de France ya 1950, msiishie kwa Bartali kuvamiwa na mashabiki kule milima ya Pyrenees. Waitalia walipofungasha virago kwa sababu ya kisa hicho, aliyekuwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, ni Magni. Aliondoka nao, na Tour hakuwahi kuishinda.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo