Vituo vya theluji vya Alpi vipimwe kwa wakazi wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala kuhusu Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2030, ambayo Ufaransa ilipewa uenyeji wake katika milima ya Alpi mnamo Julai 2024. Wengi wameandika juu ya gharama. Mimi nauliza nani atakayeishi katika vituo hivyo vya kuteleza kwenye theluji wageni wakishaondoka, kwa kuwa Ufaransa ilikwishaipita njia hii na matokeo yake yangali yanaonekana.

Kuanzia mwaka 1964 serikali ya nchi hiyo ilisimamia mpango wa kujenga vituo vipya juu kabisa milimani, mahali ambapo awali palikuwa malisho ya kiangazi, na mara nyingi kituo kizima kilikabidhiwa kwa mwekezaji mmoja aliyeuza nyumba ili kugharimia nyaya za kuwapandisha watelezaji mlimani. Sidharau kazi iliyofanyika. Flaine, kituo kimojawapo kilichosanifiwa na mbunifu Marcel Breuer na kufunguliwa mwaka 1969, ina kuta za zege la kijivu zilizochongwa kwa pembe ili zicheze na mwanga wa jua, na rangi yake inaoana na miamba iliyoizunguka. Kasoro ilikuwa katika hesabu: faida ilipotokana na kuuza nyumba, kila fedha zilipopungua ilibidi nyumba nyingine zijengwe, ilhali wenye nyumba za zamani walizitumia majuma machache kwa mwaka na kuzifunga muda wote uliobaki. Hivyo kituo chenye maelfu ya vitanda kinaweza kukosa wateja wa kuliweka wazi duka la mikate msimu ukiisha, na kijana aliyezaliwa bondeni akashindwa kumudu nyumba kwao.

Rais Valéry Giscard d'Estaing aliutangazia umma mwisho wa mwelekeo huo katika hotuba aliyoitoa Vallouise tarehe 23 Agosti 1977, na sheria ya milima ya Januari 1985 ikaweka ujenzi wa vituo chini ya usimamizi wa halmashauri za vijiji. Ilikuwa hatua njema, ingawa halmashauri inayotegemea mapato ya utalii nayo hushawishika kuruhusu ujenzi zaidi.

Sasa theluji yenyewe inapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikagua vituo 2,234 vya Ulaya ukabaini kwamba, joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2 na pasipo theluji ya kutengenezwa, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakabiliwa na hatari kubwa sana ya uhaba wa theluji. Mitambo ya kutengeneza theluji hurusha matone madogo ya maji angani yagande kabla ya kutua, na kwa hiyo huhitaji maji mengi na pia baridi, ambayo ndiyo inayoadimika. Hata Tignes, ambako zamani watu waliteleza mwaka mzima juu ya barafu ya kudumu ya Grande Motte, msimu wa kiangazi umefupishwa mno.

Ndiyo maana nasihi kwamba fedha za umma za mwaka 2030 zitangulie kwenye reli na kwenye nyumba za wafanyakazi na wakazi wa kudumu, na kwamba halmashauri yoyote inayoomba kibali cha nyumba mpya za likizo itangaze kwanza zile zilizopo hukaliwa majuma mangapi kwa mwaka. Kukarabati nyumba iliyofungwa na kuipangisha hakuhitaji kukata mlima. Métabief, kituo kilicho katika milima jirani ya Jura, imekwisha kuamua kujiandaa kwa mwisho wa mchezo wa kuteleza kwenye miteremko yake na kutafuta shughuli za misimu yote. Vituo vya Alpi vilivyo chini vingefanya vema kuanza maandalizi kama hayo kabla mikopo ya nyaya mpya haijasainiwa.

Msomaji wako wa siku nyingi