Mnada wa Jumapili: tumtibu dada yetu wa sauti ya pili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mmeuliza mbona dada yetu wa sauti ya pili haonekani kwaya tangu Pasaka. Ametupa ruhusa tueleze, mradi tusimtaje jina.

Mwaka wa sita huu anatokwa na majipu kwapani na kinenani. Moja likikauka, jingine linachomoza palepale. Amepasuliwa mpaka hesabu imempotea, na kila mara anarudi nyumbani na vidonge vya siku tano. Mimi ninayeandika nilimpa limau na shabu, nikamwambia aoge mara mbili. Vilimuunguza, akanyamaza. Jumapili ya mwisho kuimba alikuwa amekunja kanga mara nne akaibana kwapani, na tulipofika pa kupunga mikono aliinua mmoja tu. Usaha ulikuwa umeshapita hadi kwenye sare.

Mwezi uliopita, kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, daktari alimwuliza jambo ambalo hakuwahi kuulizwa: je, yanarudi palepale? Ugonjwa wenyewe unaitwa haidradenaitisi sapurativa. Mashina ya vinyweleo huziba pale ngozi inaposuguana, yakapasukia ndani, na kinga ya mwili ikazidisha uvimbe. Baadaye vidonda huchimbiana njia chini ya ngozi kama fuko shambani, ndiyo maana kupasua jipu mojamoja hakumalizi kitu. Si uchafu, hauambukizi, na hakuna aliyemroga. Kama majipu yamekurudia mara mbili ndani ya miezi sita kwapani, kinenani, chini ya matiti au matakoni, usiyakamue. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kabla hayajaunda mifereji. Sigara na unene huuchochea, ila dada yetu havuti na ni mwembamba, kwa hiyo tusianze kumtafutia kosa.

Ameshaanza antibiotiki mbili, klindamaisini pamoja na rifampisini, za wiki 10. Upande wa kulia mifereji imekomaa. Lazima ifunuliwe kwa upasuaji, kisha kidonda kiachwe kipone taratibu. Hana bima. Upasuaji na kulazwa ni shilingi 1,350,000, dawa na bandeji za miezi mitatu 750,000, nauli 300,000. Jumla 2,400,000. Kwaya imeshatoa 640,000. Ipo pia sindano ya adalimumab ya kutuliza kinga ya mwili, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2015, lakini bei yake hata mnada wa Krismasi hauiwezi, kwa hiyo hatuiombi.

Mnada ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili. Leteni mikungu ya ndizi, kuku, mayai, maziwa. Na mnaonunua, msiogope kupandisha bei. Fedha taslimu apewe mhazini wa Umoja wa Wanawake, naye atakuandikia risiti. Mwenye magauni mapana ya pamba asiyoyavaa ayalete pia, maana nguo za kubana ndizo zinazomtonesha.

Katibu, Umoja wa Wanawake wa Usharika