Barua kwa Mwanahamisi kuhusu chumba chenye twiga dirishani

Kissimmee, Florida
Jumapili, baada ya Magharibi

Kwako rafiki yangu mpenzi Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, kama sisi tulivyo wazima huku, tukilalamikia joto ilhali ninyi wa Minneapolis mnalalamikia baridi. Ujumbe wako niliupata tangu juma lililopita, nikauweka kwa makusudi, kwani swali uliloniuliza halikustahili kujibiwa kwa maneno mawili ya simu nikiwa kazini. Umetaka kujua iwapo ni busara kulipa dola 750 kwa usiku, tena kwa siku tatu, ili mlale katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge ya Disney na watoto waamke wamkute twiga dirishani. Umeniuliza mimi kwa kuwa nafanya kazi ya hesabu katika hoteli mojawapo ya huku, ukadhani huenda nina siri. Siri sina, shoga yangu, ila hesabu ninayo.

Hizo dola 750 ni kabla ya kodi. Ukiongeza kodi ya asilimia 12.5 inayotozwa vyumba vya hoteli katika wilaya ya Orange, ambako hoteli hiyo ipo, usiku mmoja unakuwa karibu dola 844, na siku tatu zinapita 2,500. Hapo hamjaingia hata kimoja cha viwanja vya burudani vya Disney, kwa sababu tiketi zake huuzwa peke yake, na kila kichwa hulipiwa zaidi ya dola 100 kwa siku. Kampuni hiyo hiyo ina hoteli za daraja la chini, kama zile za All-Star zilizoanza kufunguliwa mwaka 1994 na Pop Century ya mwaka 2003, ambazo katika majira yasiyo na msongamano unaweza kupata chumba kwa dola 200 hivi. Siku tatu huko, pamoja na kodi, hazifiki 700. Kwa hiyo kinachobishaniwa baina yako na shemeji ni ile tofauti ya dola 1,800 na kitu, na mimi ningependa tuichunguze hiyo, tujue inanunua nini.

Hainunui chumba. Nalisema hili kwa sababu wageni wengi hudhani bei kubwa ni ya kitanda kikubwa na shuka laini. Chumba cha kawaida cha Lodge kina mita za mraba 32 hivi, na cha All-Star kina kama 24. Mita nane za ziada ni sawa na lile jiko la mama yako pale Chumbageni tulimokuwa tukifukuzwa kila saa, na hakuna mtu angelipia jiko lile dola 600 kwa usiku, ingawa kwa pilau lake labda mimi ningefikiria.

Wala tofauti hiyo hainunui muda kwa kiasi unachotajiwa kwenye matangazo. Ruhusa ya kuingia viwanjani nusu saa kabla ya umma hupewa kila mgeni aliyelala katika hoteli za Disney, hata yule wa chumba cha dola 200. Wanacholipia peke yao wageni wa hoteli za juu ni saa mbili za nyongeza usiku, tena kwa siku maalumu na katika viwanja maalumu, baada ya umma kutolewa. Kwa vijana wasio na watoto hiyo ni neema, kwa maana foleni huwa fupi mno saa hizo. Lakini wewe una mtoto wa miaka saba ambaye, kwa maelezo yako mwenyewe, saa tatu usiku humkuta amelala na kijiko mkononi.

Kuhusu usafiri, hapa ndipo watu hunishangaa ninapowaambia. Mgeni wa Lodge, pamoja na bei yake yote, hana njia ya kufika viwanjani ila basi au gari lake, na hoteli yenyewe iko pembeni kabisa mwa eneo lile, mbali na viwanja vingi. Mgeni wa Pop Century, aliyelipa robo ya fedha hizo, hupanda Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vilivyoanza kazi mwaka 2019, akabebwa juu ya miti hadi viwanja vya EPCOT na Hollywood Studios.

Kuna hoteli za bei ya juu ambazo naielewa sababu ya bei yake hata kama mimi siilipi. Contemporary na Polynesian zilifunguliwa pamoja na kiwanja cha Magic Kingdom mwaka 1971, na Grand Floridian ikafuata mwaka 1988, zote zikizunguka ziwa lile moja ambalo kando yake ndiko kiwanja chenyewe kilipo. Treni ya reli moja hupita humo, na Contemporary imeipitisha ndani kwa ndani, katikati ya ukumbi wake. Mzazi anaweza kumtoa mtoto jua linapowaka, akamlaza adhuhuri, akamrudisha jioni, bila kupoteza saa nzima njiani. Huko mtu hununua ukaribu, na ukaribu haujengeki upya, maana ziwa ni moja na ukingo wake una mwisho. Katika kazi yetu tunajua kwamba chumba ni bidhaa inayooza: usiku ukipita hakijauzwa, fedha yake haipatikani tena. Ndiyo maana bei haitokani na gharama ya kukisafisha wala kukijenga, inatokana na makisio ya nani mwingine atakayekitaka usiku huo. Wiki ya Krismasi hicho hicho chumba, chenye mapazia yale yale, hupanda bei mpaka mtu ukajiuliza kama wameongeza dhahabu kwenye bomba la maji.

Jambo linaloniudhi ni kwamba bei imepanda huku vilivyokuwa ndani yake vikipunguzwa. Hadi mwanzoni mwa 2022 wageni wa Disney walichukuliwa bure kwa basi kutoka uwanja wa ndege. Kabla ya korona, kupanga saa ya kupita mbele ya foleni kulikuwa bure, na sasa kunalipiwa. Mwaka 2018 walianza hata kutoza ada ya kuegesha gari la mgeni usiku, wakaifuta mwaka 2023. Kwa hiyo anayekwambia kuwa yeye alikwenda miaka kumi iliyopita na akaona fedha yake imerudi, usimbishie, ila ujue alinunua furushi lililokuwa zito kuliko hili.

Sasa nije kwa Lodge yenyewe, kwa maana najua ndiyo iliyoushika moyo wako. Ilifunguliwa mwaka 2001, na jengo lake limepindwa kama kiatu cha farasi ili vyumba vingi vitazame ndani, kwenye mbuga, mithili ya boma linalozunguka mifugo yake. Wanyama waliomo wanazidi 200: twiga, pundamilia, swala wa namna namna, flamingo. Wanahitaji walishaji, madaktari na mazizi ya usiku, na hiyo ni gharama ya kweli, si ya mapambo. Lakini si kila chumba kinatazama mbuga. Vipo vinavyotazama bwawa la kuogelea au maegesho, na hivyo huwa nafuu, na mtu akivichukua amelipia Lodge bila kupata kile kinachoifanya iwe Lodge. Na hata chenye mbuga hakina ahadi kwamba twiga atasimama mbele ya dirisha lako saa ile mtoto anapoamka.

Mimi nilikwenda na binti yangu mwaka jana, hatukulala. Tuliweka nafasi ya chakula cha mchana Sanaa, mkahawa ulio Kidani Village, jengo la pili la Lodge, ambao madirisha yake yanatazama moja ya mbuga zile. Tuliagiza ile sahani yao ya mikate ya naan inayokuja na vibakuli vya michuzi na achari, tukakaa zaidi ya saa moja, na pundamilia walikuwa wakila majani hatua chache kutoka kwenye kioo. Baadaye tukapanda basi la ndani hadi Jambo House, jengo kuu la Lodge, tukasimama kwenye kibaraza cha nje kinachoingia mbugani mpaka jua likateremka. Tulilipia chakula tu.

Na majina yale, Mwanahamisi! Mkahawa unaitwa Boma, mwingine Jiko, duka linaitwa Zawadi, bwawa moja ni la Uzima na jingine ni la Samawati. Nilijikuta nikisoma kila kibao kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na binti yangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimia kwa Kiswahili, akaanza kuniuliza kidani ni nini, pembe ni nini. Nikamwambia kidani ni kile ninachovaa kwenye harusi. Nilicheka moyoni kwa hilo jina la Jambo House, kwani sijui ni lini mara ya mwisho mtu wa kwetu alimsalimia mwenzake kwa “jambo” bila kumwona mtalii karibu, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu kidogo, maana maneno yangu mwenyewe mtoto alikuwa akiyataka kwa sababu yameandikwa kwenye ukuta wa hoteli.

Kwa hiyo naelewa unachokitafuta, na sidhani kama ni twiga tu. Mimi na wewe tumekulia Tanga, Saadani iko njia ya Pangani tu, mbuga inayofika mpaka baharini, na bado tulimwona twiga kwa mara ya kwanza kwenye safari ya shule tukiwa tumejazana kwenye basi lililoharibika mara mbili. Ile tofauti ya dola 1,800 kwa msimu mzuri inaweza kuwa nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi nyumbani, ingawa ninyi ni wanne na hesabu hiyo haijakamilika. Nimeitaja tu kwa sababu najua shemeji ataitaja, na ni heri uisikie kwangu kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba hoteli ya bei hiyo ilipiwe kwa siku ile tu ambayo mtakuwa hotelini. Wanaolalamika kwangu kwamba wameibiwa ni wale waliotoka alfajiri, wakarudi usiku wa manane na miguu iliyovimba, wakalala gizani kwa saa sita mbele ya mbuga wasiyoiona. Chukueni usiku mmoja wenye mbuga. Fikeni asubuhi, mwache mizigo mapokezi hata kama chumba hakitakuwa tayari hadi alasiri, watoto waogelee, jioni mkae kwenye kibaraza chenu, na alfajiri mkae tena kabla ya kutoka. Siku hiyo msinunue tiketi ya kiwanja chochote. Hapo dola 844 zitakuwa zimetumika zote, na mimi sitathubutu kusema ni ghali.

Kama unaweza kupanga mapema, iko njia nyingine. Disney wana chama cha wanunuzi wa likizo kilichoanza mwaka 1991, ambacho wanachama wake humiliki pointi za kulala kila mwaka, na wasiozitumia huzikodisha kwa watu wengine. Kidani Village ni ya chama hicho kwa sehemu kubwa, na chumba kile kile chenye mbuga hupatikana kwa bei ndogo kuliko ya mapokezi. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida fedha hairudi mkiahirisha safari, na wewe una mama mkwe mgonjwa, kwa hiyo pima.

Usidhani nazipinga hoteli hizi zote. Huku kwa Universal, kampuni inayoshindana na Disney, zipo tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ambazo kila mgeni wa chumba hupewa bure pasi ya kupita mbele ya foleni katika viwanja vyao viwili vya zamani, siku ya kufika na siku ya kuondoka pia. Pasi hiyo ikinunuliwa peke yake hupita dola 100 kwa mtu mmoja kwa siku, na wakati wa msongamano hupita mbali. Ninyi wanne kwa siku mbili ni zaidi ya dola 800, na chumba cha usiku mmoja mara nyingi hakifiki hapo. Hoteli hiyo imejilipa yenyewe kabla hamjaweka kichwa kwenye mto. Ila pasi hiyo haifanyi kazi Epic Universe, kiwanja chao kipya cha mwaka 2025, na wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kufika langoni.

Na wenye fedha nao wana kikomo, usije ukadhani ni sisi tu. Disney walifungua hoteli ya vyumba 100 mwezi Machi 2022, iliyofanywa kama chombo cha angani, haina madirisha ila vioo vya runinga vinavyoonyesha nyota, na watu wawili walilipa karibu dola 4,800 kwa siku mbili, ingawa chakula na kiwanja vilikuwa ndani ya bei hiyo. Walioingia wengi waliisifu. Septemba 2023 ikafungwa, kwa sababu waliokuwa tayari kulipa walikuwa wamekwisha.

Jihadhari pia na hoteli hizi za nje ya Disney na Universal zinazojiita nafuu. Dada mmoja wa msikitini kwetu alichukua chumba cha dola 110 karibu na barabara kuu, na alipofika mapokezi akaambiwa kuna ada ya huduma za hoteli ya dola 35 kila usiku na ya kuegesha gari juu yake, naye amefika na watoto wanaosinzia saa tano usiku. Alilipa. Ungefanya nini?

Usiku ule mmoja wa mbuga ulipieni ninyi. Siku zinazobaki mtalala kwangu, chumba cha wageni kipo, na watoto watatandikiwa sebuleni pamoja na binti yangu, ambaye ameshaanza kuuliza kama wenzake hao wanajua pundamilia ni nini. Niandikie tarehe mapema ili niombe likizo, na ukiweza nitafutie ile bizari ya pilau kwa yule Mzanzibari wa kwenu, kwani ya huku haina harufu.

Wako akupendaye,
Zuhura