Malalamiko kuhusu moshi wa salfa unaotoka kiwandani usiku

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kiwanda

Bwana Mkurugenzi,

Tumesoma jibu lenu kwa barua yetu ya kwanza. Mnasema wastani wa mwezi wa salfa dioksidi (gesi kali ya moshi wa salfa) hewani uko chini, kwa hiyo wakaaji hawana hatari. Hesabu yenyewe hatuikatai, tunakataa maana mnayoipa. Saa 1 ya mikrogramu 3,600 kwa mita ya ujazo, ukiigawa kwa saa 720 za mwezi, inaongeza 5 tu kwenye wastani. Lakini mwenye pumu anabanwa kifua ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 500 kwa dakika 10 na, tangu 2021, 40 kwa saa 24. Kikomo cha mwezi halikuweka. Tupeni vipimo vya dakika 10.

Moshi mkali unakuja tanuru linapowashwa upya, hasa baada ya umeme kukatika. Kichocheo cha vanadi, yaani kemikali inayosaidia kugeuza gesi hiyo katika mtambo wa asidi, hakifanyi kazi vizuri kabla ya kufika karibu nyuzi 400 za Selsiasi. Kikiwa baridi, gesi inapita bila kugeuzwa, au vali ya pembeni inafunguliwa na gesi yote inakwenda moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Na kila tani 1 ya salfa inayoungua inatoa tani 2 za gesi hiyo. Usiku wa Juni na Julai ndio mbaya zaidi: hewa baridi inalala chini, yenye joto inaifunika kama mfuniko wa sufuria, na moshi unabaki katikati ya nyumba mpaka jua lipande.

Mlisema mboga zimeharibiwa na kiangazi. Shikeni jani la lengalenga (mchicha) siku moja baada ya moshi kupita: mishipa bado ni ya kijani, lakini nyama ya jani kati ya mishipa imekuwa nyeupe, kavu kama karatasi. Jani lililokosa maji hukauka kuanzia ncha na kingo. Alama hizi mbili hazifanani, na fundi wenu wa mazingira anazijua.

Tunachotaka kinawezekana. Kichocheo kipashwe moto kwa bana (kichomeo) ya mafuta kabla madini hayajaingia tanuruni, hata kama uzalishaji utachelewa. Vali ya pembeni ipigwe lakiri, na kila inapofunguliwa, saa na muda viandikwe kwenye daftari ambalo Divisheni ya Mazingira inaweza kulikagua siku yoyote. Gesi inayobaki ioshwe kwa maji ya chokaa: tani 1 ya gesi inahitaji kama tani 1.2 za chokaa iliyozimwa, na mawe ya chokaa yanachimbwa humu humu Haut-Katanga.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Kipimo cha shinikizo kwenye chujio la mifuko linalonasa vumbi kikishuka ghafla, mfuko umepasuka. Si kwamba chujio limekuwa safi. Simamisheni gesi inayopita hapo, mbadilishe mfuko siku hiyo hiyo. Vumbi hilo linatua uani, watoto wanacheza chini na kutia mikono mdomoni. Utafiti uliochapishwa 2009, ambao Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilishiriki, ulikuta kobalti (metali ya migodini) nyingi mno katika mkojo wa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya Katanga, na watoto ndio waliozidi.

Sheria ya Migodi iliyorekebishwa 2018, kifungu cha 285 bis, inamtaka mwenye haki ya uchimbaji kulipa madhara anayosababishia watu, mali na mazingira hata pasipo kosa lake. Kwa hiyo neno lenu kwamba "mitambo iliendeshwa kwa utaratibu" halimalizi jambo.

Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 15, pamoja na vipimo vya dakika 10 vya Juni na Julai na saa ambazo vali ya pembeni ilifunguliwa.

Kwa heshima,

Kamati ya wakaaji wa kartie jirani na kiwanda

Nakala: Divisheni ya Mazingira na Divisheni ya Migodi, Haut-Katanga